Makaa ya Vifuu ya Avelina

Temeke, Dar es Salaam
Tarehe 9 Agosti, 1951

Mpendwa mjukuu wangu Audax,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Masika mawili yamepita mguu wako haujakanyaga ua huu. Hiyo reli ya Kampala imekuoa? U mzima lakini? Kifua kimepona? Mie nipo, magoti ndiyo yananisumbua. Anayeniandikia ni Mwalimu Gaspar, na nimemkataza kulainisha maneno.

Sasa habari za mkeo. Baada ya Pasaka Avelina alifunga mzigo arudi kwao Bukoba. Aliniambia, "Bibi, nimechoka kulinda mlango wa mtu asiyebisha hodi."

Kilichomchelewesha ni vifuu. Unalijua lile lundo nyuma ya kinu cha mafuta cha Saifuddin, linalotuzalia mbu. Saifuddin anataka makaa ya vifuu hivyo. Huyasaga, akayalowesha katika dawa ya madini, akayakausha, kisha huyatia kwenye mafuta ya moto pamoja na hewa ya mtungi, na mafuta yakaganda kama samli. Anasema makaa huyahimiza mafuta yageuke, yenyewe hayageuki. Huchujwa yakatumika tena. Ya Ulaya huchelewa melini. Avelina akasema atajaribu kuyachoma, na yakikataliwa anapanda treni.

Yakakataliwa. Mafuta yalibaki maji. Saifuddin alikuja na kipande mkononi, akakiramba mbele yetu.

"Mama, nyie mnachoma makaa au mnapika mchuzi?"

Tulikuwa tunayazima kwa maji ya kisima chetu, na unajua kilivyo na chumvi, hata kwa chai hakifai. Kumbe chumvi huiua ile dawa. Nilimwona Avelina akiutazama mzigo wake. Kisha akachukua jembe, akavichoma vifuu upya shimoni nyuma ya nyumba, akaliziba shimo kwa udongo mpaka moto ukafa wenyewe.

Juzi aliniletea mafuta kwenye kopo. Nikalipindua. Hayakumwagika. Mzigo ameufungua.

Gaspar anasema makaa yale ni kama mke mvumilivu. Nimemwambia aandike anachoambiwa. Hata makaa, Saifuddin anasema, mwishowe huchoka yakatupwa. Hilo nimelifikiria sana. Mkeo amebaki kwa ajili ya vifuu, Audax, si kwa ajili yako. Mlango haujafungwa, ila mie siwezi kukuahidi lolote kwa niaba yake.

Baba yako mdogo Projestus anakusalimu, na shangazi yako Benedicta pia. Mungu akutunze kati ya hayo mabehewa, akurudishe na miguu yote miwili.

Ukija, usije kwangu kwanza. Zunguka nyuma kwenye shimo, vua koti, umwulize mkeo vifuu uviweke wapi. Mie utaniamkia ukishachafuka.

Akupendaye hata akikukaripia,
Bibi yako Demetria