Sweta ya Manjano

Jumanne, usiku

Afadhali nisingeenda posta. Ile boksi ya filamu ya rangi ambayo bwana, mzungu ninayemtumikia, alituma Ulaya kuoshwa imerudi leo, na ni mimi niliibeba kutoka mjini Nyeri, nimeifunika na leso yangu isinyeshewe.

Saa kumi bwana alifunga mapazia, akawasha mashine, picha zikatokea kwenye shuka ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama na chai. Mlima. Mbwa wake. Maua ya memsahib. Halafu maiti wanne kwenye uwanja wa polisi, wamepangwa kama kuni.

Wa pili alikuwa Kariuki, ndugu yangu. Uso haukuwa uso tena, lakini ile sweta ya manjano niliifuma mimi, akaenda nayo msituni kupigana na wazungu. Mpaka leo asubuhi nilikuwa namwombea arudi.

Sina picha yake nyingine.

“Rangi imetoka vizuri sana,” bwana alisema.

Memsahib akanigeukia. “Wambui, unaweza kunifumia sweta kama hiyo?”

Nikasema, ndiyo, memsahib.

Ameshanipa uzi. Nikikataa ataniuliza kwa nini. Nimeanza na mkono wa kulia.