Gambuti Mpya na Ruzuku ya Alizeti

Alhamisi. Jua la kuchoma, wingu hata moja hakuna.

Wananchi wa pande zote mbili za mpaka wa Busia, natangaza rasmi: leo asubuhi nimevaa gambuti mpya, buti za mpira za shambani. Hakukuwa na mvua wala tope. Kulikuwa na afisa wa kilimo.

Redio ilisema kaunti italipa ruzuku kwa wakulima wa mbegu za mafuta, na afisa atapita kuona shamba kwa macho yake kabla ya kuchukua namba ya simu ya mwenye shamba. Nyuma ya nyumba tunayo alizeti iliyokomaa, vichwa vimeinama. Nasema "tunayo". Aliyelima ni mke wangu, Mama Nafula. Kupanda yeye, kupalilia yeye, kufukuza ndege yeye. Mimi nilikuwa naandika habari zake hapa kwenye ukurasa wangu, "alizeti yangu" hivi, "alizeti yangu" vile, nanyi mkanipongeza.

Namba niliyotaka ichukuliwe ni yangu.

Pikipiki ikasimama langoni. Kijana wa watu akavua helmeti, akafungua mdomo. Sikumpa nafasi. "Karibu sana ofisa, shamba ni huku!" Nikamkokota hadi kwenye alizeti, nikimweleza jinsi jembe lilivyonitesa msimu mzima. Aliangalia gambuti zangu. Stika ya duka ilikuwa bado imebandikwa.

Mara majani yakatikisika, akatokea mama mkwe.

Alivuka mpaka jana kutoka Lumino, upande wa Uganda, kuja kumsaidia binti yake kuvuna. Nilidhani yuko jikoni. Na kwetu mtu hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Ukimwona njiani, wewe ndiye unaiacha njia. Miguu haikuniuliza. Nilijikuta nimelala kifudifudi kwenye mihogo ya jirani.

Huko nilisikia vizuri mno.

"Mama, mbona mwenye shamba amekimbia?"

"Mwenye shamba?" Mama mkwe alikuwa amegeuka, leso usoni, kwa kuniheshimu mimi. "Mwenye shamba ni mtoto yangu, ako kwa kisima. Amelima hii yote peke yake, mgongo inamuuma mpaka nimekuja. Huyo ni mkwe tu."

Huyo ni mkwe tu.

Hakusema kwa ubaya. Angenitukana, ningepumua.

Mama Nafula akarudi na jerikeni yake ya maji, wakaongea kidogo na afisa, pikipiki ikaondoka. Mimi nilibaki mihogoni mpaka mama mkwe alipoingia ndani. Siafu walinipata kabla hajaingia.

Jioni mke wangu aliniwekea ugali na samaki wa ziwani, wa kutoka Majanji, zawadi ya mama yake. Ya mama yake! Sikuweza kuinua macho. Nikamwambia, huku nimeikodolea macho sahani, kwamba nimekosa. Namba iwe yake, pesa ziwe zake, na kesho nitavuna mwenyewe, nianzie ule upande ambao mama hayupo. Nikasubiri anilipukie. Nilikuwa nastahili.

"Namba gani, Baba Nafula?" akasema, akitoa mwiba mdomoni. "Ruzuku ya msimu huu ni ya soya. Yule kijana alisimama kuuliza njia ya kwenda kwa jirani aliyepanda soya."