Koti la Fundi

Jumatatu, 4 Machi 1957

Uniwie radhi, daftari. Tangu tumzike Fundi sijakugusa. Mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote hapaswi kukosa maneno, lakini nilikosa.

Polisi wamefunga shauri. Wanasema rafiki yangu alifunga mlango na madirisha ya chumba cha kushonea, pasi ya mkaa ikiwaka ndani, hewa yake ya sumu ikamuua usingizini. Ajali. Fundi huyu huyu aliyewafokea wateja walioingia na sigara! Pasi aliiwashia uani, na makaa aliyazimia uani. Sikubali.

Leo nimemwona Mpiga Picha wa mtaani kwetu akimbebea kikapu Mama Vifungo, mjane aliyekuwa akimshonea Fundi matundu ya vifungo. Mwanamume alikuwa anacheka, na udongo wa kaburi haujakauka. Nilivuka barabara nisiwasalimu. Nilidhani wivu nao hustaafu.

Jumatano, 6 Machi

Dada yake Fundi amenifungulia chumba. Mezani, koti jeusi la sufu, karibu kwisha. Mgongoni linang'aa kama sufuria. Sufu ikiguswa na pasi tupu hung'aa hivyo, na Fundi hakuipiga pasi bila kutandika kitambaa kibichi juu yake. Asiyejua hilo, alisema, apewe magunia ashone.

Basi mkono ule haukuwa wake. Mtu aliingiza pasi ndani, akaipitisha juu ya koti ili Fundi aonekane alikufa kazini.

Nani? Moyo ulijibu "Mpiga Picha" kabla akili haijaulizwa. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Inspekta amenisikiliza. Anataka nimpelekee koti Jumamosi. Maneno matupu hayafufui shauri.

Alhamisi, 7 Machi

Koti halipo. Dada amempa Mama Vifungo alimalizie. Nimekwenda kwake mbio. Limetundikwa ukutani, limefukizwa mvuke, jeusi tii.

"Umefanya nini?"

"Lilikuwa linang'aa, Mwalimu. Mwenyewe angeona haya."

"Mwenyewe nani?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeshindwa hesabu nyepesi. "Fundi. La harusi yetu. Nilimpima mimi, maana fundi hajipimi. Alisema utanuna, tukwambie mwishoni."

Nimenuna. Rafiki amekufa, nami namwonea wivu hadi kaburini.

Niliuliza kama Mpiga Picha alijua.

"Alinitaka kabla, nikamkatalia. Na habari ya harusi nani hakuijua, isipokuwa wewe?"

"Usiku ule alikuwa wapi?"

Aliichomeka sindano yake kwenye kitambaa alichokuwa akishona. Kisha akaliondoa koti ukutani, akanipa. "Vaa wewe, Mwalimu. Mabega yenu mamoja."

Ijumaa, 8 Machi

Limenikaa. Hata mikono.

Nimeligeuza dirishani. Chini ya ukosi mvuke haukufika: alama ya ncha ya pasi bado inang'aa. Inamtosha Inspekta.

Jioni Mama Vifungo alipita, akanikuta nimelivaa. Akaninyooshea ukosi kwa vidole viwili, mahali pale pale. "Linakupendeza. Jumapili njoo nalo, tule pamoja." Miaka yote hii hajawahi kunialika.

Je, ananipenda kidogo, au ananiziba mdomo? Ama anamkinga yule Mpiga Picha? Sijui lipi litaniuma zaidi. Nikilipeleka kesho, halirudi, wala yeye. Nisipolipeleka, nimemzika Fundi mara ya pili, tena ndani ya nguo yake.

Inspekta hufungua ofisi saa mbili. Nitakuandikia nikishaamua. Kwa sasa sijalivua.