Mkono wa Kushoto wa Fundi

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko na maabara yako? Sisi wazima, mama yako anakohoa kidogo tu. Ila mshipa wangu wa bandia, huu wa mkono wa kushoto wa kusafishia damu kwa mashine ya figo, umepoa. Kila asubuhi nikiuwekea vidole ulikuwa unanguruma, sasa unanong'ona. Daktari anasema ukiziba watahamia mkono wa kulia, na huo ndio ninaokatia nguo. Namshuku nesi mpya. Anachoma sindano palepale kila mara, na haniangalii usoni.

Baba yako, fundi cherehani

14 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila barua yako imeninyima raha. Mwache nesi wa watu. Huku tunapitisha damu kwenye mishipa ya bandia kama wako. Inapokwenda kwa kasi, ukuta wa ndani unabaki mwembamba. Inapozubaa, ukuta unanenepa, njia inabana, na damu inazidi kuzubaa. Kuna kitu kinaichelewesha yako. Unaulalia mkono? Unavaa saa? Niambie kweli, maana nakujua ukitaka kukwepa swali.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Salamu nimezipata. Saa sina, na nalala chali kama maiti. Mama yako siku hizi anapanga vitambaa vyangu bila kuombwa, huku ananitupia jicho. Wewe ndiye uliyemtuma? Sikukusomesha uje kunipeleleza. Sare za shule zimenijaa, naishia hapa.

Baba

21 Machi

Shikamoo Baba,

Nilimtuma, na picha aliyopiga imefika. Uko kwenye cherehani, na mkono wa kushoto umevaa kile kimto chekundu cha pini nilichokushonea nikiwa darasa la tano. Lastiki imezama kwenye nyama, juu ya mshipa. Kliniki ulikuwa unakivua, sivyo? Nimekasirika. Kivue leo.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nilisubiri niwe na habari ya kukuambia. Daktari ameupanua mshipa kwa puto dogo, na leo asubuhi unanguruma tena. Nesi nimemwomba radhi, kumbe ananiogopa.

Uliponiuliza habari ya saa, nilishajua. Lakini ningeandikaje kwamba kinachoniziba ulikishona wewe? Kimto kimo humu kwenye bahasha. Lastiki nimeikata mwenyewe. Kishonee utepe, nikifunge kwenye cherehani, na usilie. Pini nimezitoa zote, ila kipapase kwanza, najua huniamini.

Baba yako