Mama Nakato aliposema "run"

Jumanne jioni, Kansanga

Bado nacheka peke yangu. Leo Mama Nakato, mwenye duka la kushona ninapofanya kazi, ameniambia kwa Kiingereza kwamba kuanzia Jumatatu ni mimi wa ku-"run" duka. Neno hilo nalijua kwa maana ya kukimbia tu, na tangu Bukavu nimekimbia vya kutosha. Nikaanza kukusanya mkasi na vitu vyangu huku machozi yakinitoka.

"Unaenda wapi, Furaha?"

"Si umenifukuza, Mama?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Hapana! Utalisimamia. Mimi naenda kulea mjukuu."

Kumbe kwa Kiingereza hata pua yenye mafua inakimbia!

Wateja wa harusi nawaogopa, kuridhika hawajui. Lakini ufunguo wa duka alionikabidhi uko chini ya mto wangu, na kila mara naugusa.