Uso wa Atuganile

Msasani, Tukuyu
9 Julai 1996

Mpendwa kaka Gwamaka,

Ugonile, kaka. Hujambo na joto la Dar es Salaam? Kile kifua kimepona? Huku baridi imeshika, na sisi wote ni wazima wa mwili. Wa moyo sijui. Barua hii nimeianza mara kadhaa, nakaa, nasimama.

Ile kanda yetu tuliionesha Jumamosi kwenye kibanda cha video cha Hezron, mpiga picha wa harusi aliyetuazima kamera. Watu wamezoea mateke ya Wachina, wakakaa kusubiri mateke. Wakaona mikono inachuma chai, ukungu, kisha uso wa wifi yangu Atuganile, mkubwa, kimya, unatazama tu. Walianza kucheka, wakaacha. Mama mmoja alisema hajawahi kumwona Mnyakyusa kwenye video. Nilifurahi, usiulize.

Sasa sikia balaa. Baba akaingia. Kaka, sisi tumezaliwa humu, tunajua mke wa mwana hatazamani na baba mkwe wake. Atuganile akimsikia tu Baba anakohoa njiani hukimbilia migombani. Na hakuna aliyekumbuka kumwonya mzee! Tulidhani picha ni picha. Amekaa, kainua macho, mkwewe anamkodolea. Alijifunika koti kichwani akatoka akipapasa ukuta.

Tangu hapo hali chakula vizuri. Siwezi kumcheka, ni baba yangu, na aibu yake inaniuma. Wazee walimtaka Hezron aufute uso, naye kaufuta kweli, karekodi ukungu juu yake. Kwa hiyo ile nakala niliyokutumia ndiyo pekee iliyobaki na uso wake. Baba mdogo Simon anakuja huko kuichukua. Atakuja na ndizi na maneno matamu.

Nawe, bila haya, unaniandikia kwamba wenzako, hao wanaooneshana filamu zao za majaribio chumba cha nyuma bila kibali, wanaona uso umezidi urefu, upunguzwe. Jamani! Si ninyi mliosema mnataka wasioonekana waonekane? Huku wanataka afichwe, huko mnataka apunguzwe. Nimekasirika, kaka, nakwambia wazi.

Nikamwuliza Atuganile mwenyewe, tukimenya ndizi jikoni. Nilidhani atasema ifutwe yaishe, maana anamheshimu Baba kuliko sisi wanawe. Alimenya kwanza, kisha akasema: "Kwa Baba nitainamisha macho mpaka nife, wala sinung'uniki. Lakini huko Dar sina mkwe. Niacheni nitazame."

Basi baba mdogo mpokee vizuri, mpikie, ila kanda usimpe. Na wewe usikate hata kidogo.

Mama anakusalimu, na Asukile, mume wa Atuganile, pia. Baba hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina.

Mungu akutunze ulalapo na uamkapo.

Mdogo wako akupendaye, asiyepata usingizi,
Sekela