Kibati Kilichobaki Mfukoni

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo zahanati, wewe na shemeji. Goti la mama limepoa? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii.

Kazi yangu unaijua. Tunachanganya unga wa kauri na unga wa ngano, tunaupaka kwenye kioo, tunauchoma tanurini. Ngano inaungua na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Rangi inayonasa jua inajaa humo na umeme unaongezeka. Zamani ulinicheka kwamba naunguza kila sufuria. Sasa nalipwa kwa kuunguza.

Miezi minne iliyopita nilipima kipande kipya cha kioo hicho chini ya taa, namba ya umeme kwenye mita ikaruka karibu mara mbili. Bosi wetu, tunayemwita Mzee wa Tanuri, mtu asiyecheka hata ukimtekenya, alinikumbatia akasema nimewatoa kimasomaso. Hakuna aliyerudia kupima. Sote tulitaka iwe kweli. Akaagiza paneli za jua za kwanza za aina hiyo ziende kwenu, ziendeshe mashine ya oksijeni ya watoto wachanga. Jana aliniambia mafundi watafika Jumatatu, na jenereta yenu wataondoka nayo.

Dada, naogopa. Kabla ya kupima, kipande hufunikwa kwa kibati cheusi chenye tundu, ili mwanga wa pembeni usiingie ukadanganya mita. Juzi nilivaa koti nililolitundika tangu siku ile, nikatia mkono mfukoni, nikakikuta kibati. Nilikitoa kukifuta vumbi, nikasahau kukirudisha. Vibati tunavyo vingi, hakuna aliyegundua kuwa kimoja hakipo. Nimepima upya mara tano. Nguvu ni ile ile ya zamani. Paneli hizo zitaizimisha mashine yako kabla ya jioni.

Siku mbili nimenyamaza. Naogopa kufukuzwa, naogopa macho ya yule mzee, na kila nikifumba macho naona kitanda kidogo na wewe umesimama kando yake. Nikimaliza kuandika nitakwenda ofisini kwake, lakini najijua, naweza kufika mlangoni nikageuka. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa gari lenu la dawa sasa hivi, kabla sijapata ujanja wa kuichana.

Nisiposema mimi, sema wewe. Usiwaruhusu waiguse jenereta. Waonyeshe barua hii.

Mbusu mama, na wachanga wote wa wodi yako.

Mdogo wako, kitinda mimba,
mpimaji wa kipande kile